Mjukuu Anayeulizwa Kila Asubuhi

Papa alikuwa anapokea simu ya Mkubwa akiwa amesimama. Kama anakula, aliacha kijiko na kusimama. Kama amelegeza shati kwa sababu ya joto, alifunga kwanza kifungo cha juu, ndipo akasema “Alo, Mukubwa.” Siku moja simu ililia akiwa anaoga, na mama akakimbia nayo hadi mlangoni mwa bafu. Papa akatoka na kitambaa kiunoni na povu kichwani, akasimama katikati ya saloni, sebuleni, miguu pamoja kama askari. Povu likamshukia machoni. Hakulifuta. Alikuwa anasema tu “Ndiyo, Mukubwa. Kabisa, Mukubwa,” huku machozi ya sabuni yakimtiririka. Mimi nilikuwa nimekaa pale na kitabu cha biolojia, na sikujua niangalie wapi.

Nilifikiri ni heshima. Sisi watoto wa mtaa wa Saio tumefundishwa kusimama mbele ya mtu mzima, basi nilidhani hata watu wazima wana mtu mzima wao.

Cheo cha Mkubwa sitakiandika. Jina lake hatulitaji hata nyumbani kwetu, na nimezoea hivyo. Papa yeye ni kiongozi wa divisheni, yaani idara, moja ya serikali hapa Bunia. Mtaani, katika karitie yetu, wanamwita Direkta, na mama wa duka la jirani alikuwa akinipunja sukari kidogo kuliko wengine kwa sababu ya hilo neno. Mimi ni mtu wa haya. Darasani hata nikijua jibu siinui mkono. Naliandika pembeni mwa ukurasa na kusubiri mwingine alikosee. Kwa hiyo cheo cha papa kilinifaa sana. Nilikuwa najificha nyuma yake kama mtu anavyojificha nyuma ya mlango.

Kitu kimoja tu kilinishangaza. Kwenye mlango wa biro ya papa, ofisini kwake, baada ya cheo chake, palikuwa pameandikwa kwamba ni wa muda. Niliyaona maneno hayo nikiwa bado mtoto mdogo, na nilipofika humanite, shule ya sekondari, yalikuwa bado pale pale, hata rangi imeanza kuchubuka. Nilipomuuliza mama, alijibu, “Bote ni ba muda. Hakuna mwenye amethibitishwa. Karatasi zao ziko ku meza ya Mukubwa.”

“Na ju ya nini hasaini?”

“Akisaini, watalala usingizi,” mama akasema, na akacheka, kisha akaacha kucheka.

Mama anauza vitenge dukani kwake, mtaa wa Shari. Ni mtu wa Butembo, mji wa biashara, na watu wa kwao hawapendi kuzungumzia jambo ambalo haliwezi kupimwa wala kufungwa. Papa ni wa Djugu. Mama yake papa, tunayemwita Koko, anaishi nasi tangu kijiji chao kilipochomwa vitani, na analala chumba kimoja nami. Anakoroma, anaomba kwa sauti, na anasema kila anachofikiri.

Siku niliyoanza kuelewa, papa alikuwa amesahau dawa zake za presha. Mama alikuwa na wateja, basi alinituma mimi nimpelekee nyumbani kwa Mkubwa, kwa sababu kila asubuhi viongozi wote wa divisheni wanaanzia kule kabla ya kwenda kwenye biro zao. Wanaita “kuchukua neno.” Wanangoja barazani mpaka aite mmoja mmoja. Mwenye kuitwa kwanza anatembea siku nzima kama bwana harusi. Asiyeitwa anarudi kazini na hasaini kitu chochote, hata ruhusa ya mtu kwenda kuzika, kwa sababu hajui kama bado ana kalamu.

Askari wa getini aliangalia dawa, akaniangalia mimi, akaniruhusu. Nikasimama kando ya ukuta. Barazani palikuwa na viti vya plastiki, vyeupe, vimepangwa mstari mmoja. Ba papa, wale viongozi, walikuwa wamesimama uani kwa vikundi, na suti zao, wakizungumza taratibu. Nilikuwa nawajua karibu wote. Wamekula kwetu, wengine wamenibeba nilipokuwa mdogo. Kisha kijana wa protokole akafungua mlango na kusema, “Ba papa, karibuni mukae.”

Wakakimbia.

Nasema wakakimbia, si walitembea haraka. Papa wa Ngezi, aitwaye hivyo kwa mtaa anaokaa, rafiki mkubwa wa papa, kiongozi wa divisheni nyingine, mwenye tumbo ambalo tulizoea kulitania, alipanda ngazi akiwa ameshika suruali kwa mkono mmoja. Mwingine alimsukuma mwenzake kwa kiwiko. Kufumba na kufumbua wote walikuwa wamekaa, wanapumua, wananyoosha tai, na papa yangu peke yake alikuwa amesimama katikati ya baraza, mikono ikining’inia. Hapo nikaona: viti vilikuwa pungufu kwa kimoja. Haikuwa bahati mbaya. Kando ya mlango wa jikoni palikuwa na viti vingine vya plastiki vingi, vimepandishwa kimoja juu ya kingine, na hakuna aliyevigusa.

“Leo ni weye, Direkta,” Papa wa Ngezi akamwambia papa polepole, akitabasamu.

“Leo ni miye,” papa akajibu, naye akatabasamu.

Wengine wakacheka kidogo, kicheko cha kanisani. Nilipogeuza macho niliona pazia la dirisha limefunguliwa, na Mkubwa amesimama nyuma ya kioo na kikombe cha chai. Alikuwa anawaangalia jinsi mtu anavyoangalia kuku wake wakati wa kuwarushia mahindi.

Nilitaka kuacha dawa kwa askari na kukimbia, lakini Mkubwa alikuwa ameniona. Alitoka mwenyewe. Wote wakasimama, viti vikabaki vitupu nyuma yao.

“Huyu ni nani?”

“Ni binti yangu, Mukubwa,” papa akasema. “Ameniletea dawa.”

“Uko mugonjwa?”

“Hapana, Mukubwa! Ni dawa kidogo tu.”

“Maana mwenzako wa Ngezi aliniambia unachoka.” Alisema hivyo mbele ya Papa wa Ngezi mwenyewe, kwa sauti nzuri kabisa, kama anayeuliza habari za nyumbani. Papa wa Ngezi akaangalia viatu vyake. Kisha Mkubwa akanigeukia. “Unasoma wapi, mutoto?”

Papa akajibu badala yangu, akataja shule ya masista.

“Hapa atasoma nini? Mwaka ujao ataenda Kinshasa. Nitamulipia mimi, atakaa ku nyumba yangu na batoto wengine.”

“Aksanti, Mukubwa,” papa akasema. Akapiga makofi ya shukrani, viganja vimekunjwa, akainama. “Aksanti sana.”

Mkubwa akaita ndani, na kijana wa protokole akatoka na kiti. Hakikuwa cha plastiki, kilikuwa cha mbao, kina mto mwekundu. Kikawekwa mwanzo wa mstari, na papa akakikalia. Nilimpa dawa akiwa amekaa pale, naye akazificha upesi mfukoni.

Lazima niseme ukweli: nilifurahi. Nilipofika nyumbani nilikuwa nimekwisha kusahau viti. Kinshasa! Binti wa Papa wa Ngezi, rafiki yangu, alikuwa ameondoka mwaka uliotangulia kwa njia hiyo hiyo, na sote shuleni tulimwonea wivu. Mama alitoa kitenge ambacho alikuwa akikificha kwa ajili ya siku kubwa. Majirani walikuja kunipa mkono, nami nikajificha chumbani kama kawaida yangu, lakini nikiwa nacheka peke yangu. Nilimpigia rafiki yangu kumpa habari. Akasema, “Utalala ku chumba yetu. Tuko wengi.”

“Utakuja Noeli? Ili tuondoke pamoja?” nikauliza.

“Uulize papa yangu.”

“Lakini si weye—”

“Uulize papa,” akasema tena, na simu ikakatika. Nilifikiri ni mtandao.

Aliyeharibu mambo ni Koko, na aliyaharibu kwa adabu. Kwao, mtu akikupa zawadi kubwa, humwambii asante ya mdomo na kunyamaza. Familia nzima inatoka, na mbuzi, inaenda kwake kushukuru. Na ikiwa zawadi yenyewe inamhusu mtoto, basi mkubwa wa familia anauliza mbele ya watu: nani atamwangalia, na atarudi lini kusalimia. Si kwa kumshuku mtu. Ni desturi, kama kuuliza jina la mgeni. Papa alikataa. Akasema Mkubwa hana wakati. Koko akamjibu, “Basi weye umeuza mutoto, maana mwenye kuuza hashukuru.” Papa akakubali.

Tulikwenda Jumapili baada ya misa. Viongozi walikuwepo barazani, kama siku nyingine zote, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa yule ambaye hakuonekana Jumapili. Papa alikalia kiti chake chenye mto. Sisi wanawake tuliwekewa benchi. Mbuzi alifungwa kwenye nguzo, na alikuwa akila maua ya Mkubwa, lakini hakuna aliyethubutu kumzuia kwa sababu Mkubwa mwenyewe alikuwa anacheka.

Koko akasimama. Ni mfupi, na siku hiyo alivaa kilemba cha njano.

“Mukubwa,” akasema, “tumekuletea hii mbuzi. Umetuonea huruma, Mungu akulinde. Sasa utuambie siye wazazi: huyu mutoto atakaa na nani, na atarudi siku gani?”

Papa akafumba macho.

Mkubwa hakukasirika. Alionekana hata kupendezwa. “Koko, atakaa kwangu, sawa vile mutoto wangu. Na atarudi wakati papa yake atachoka kufanya kazi na miye.”

Watu wakacheka. Papa alicheka kuliko wote. Mama alicheka, mkono mdomoni. Mimi mwenyewe niliinua midomo nicheke, ndipo maneno yakanifikia. Yalinifikia kwa kuchelewa, jinsi ngurumo inavyochelewa baada ya radi. Wakati papa atachoka. Kwa hiyo si mpaka nimalize masomo. Si Noeli, si Pasaka. Wakati papa atachoka, na papa hana ruhusa ya kuchoka, hata dawa zake za presha anasema ni kidogo tu.

Koko peke yake hakucheka. Alimwangalia mbuzi, akaniangalia mimi, akasema kwa sauti yake ile ile ya kuombea:

“Yo! Nilifikiri tumeleta mbuzi moja. Kumbe tumeleta mbili.”

Hapo Papa wa Ngezi akasimama. Alisimama tu kutoka kwenye kiti chake cha plastiki, akaenda hadi ukutani, akatugeuzia mgongo, na nikaona mabega yake yanatikisika. Wote walimwona. Mkubwa pia alimwona. Alikunywa chai yake, akamwambia Koko, “Mama, una mdomo mutamu. Mukuye tena.”

Nyumbani papa alipiga kelele mpaka sauti ikamwisha. Alimwambia mama yake kwamba amemuua. Koko alikuwa anavua viatu, akajibu, “Miye nimeuliza tu.” Siku zilizofuata tuliishi kwa kusikiliza redio. Hapa kwetu mtu hajulishwi kwamba amefukuzwa. Anasikia pamoja na wauza nyanya, katika kominike, tangazo linalosomwa redioni baada ya habari za mchana. Mama alifunga duka mapema. Shofere, dereva wa papa, alianza kumsalimia kwa nusu mdomo. Hata mama wa sukari alikuwa ananipimia kama watu wote.

Kominike ikaja. Tulikuwa mezani, na mboga ya sombe ilikuwa inapoa. Msomaji akasoma kwamba papa amethibitishwa katika kazi yake, si wa muda tena. Kisha, kwa sauti ile ile, kwamba kiongozi wa divisheni nyingine ameondolewa kwenye nafasi yake na ataitwa kwa kazi zingine, ndivyo wanavyosema mtu akifukuzwa. Ilikuwa divisheni ya Papa wa Ngezi.

Nje watu walianza kupiga vigelegele. Papa aliinuka, akaenda nyuma ya nyumba, akatapika.

Mama alimfuata na maji, na mimi nikamfuata mama. “Lakini mwenye alimutukana ni mama yako,” mama alikuwa anasema, hajui kama acheke au alie. “Papa wa Ngezi alifanya nini?”

“Alisimama.”

“Kusimama tu?”

Papa alisukutua mdomo. Sijawahi kumsikia akisema vile, wala kabla wala baadaye. Alisema kama mwalimu aliyechoka, akiangalia ukuta. “Mukubwa angenipiga miye, kila mutu angejua kosa ni nini. Angejilinda na ile kosa moja, halafu angelala. Sasa hakuna mwenye anajua. Ile mwenye alikosa amepewa, ile mwenye alinyamaza amenyang’anywa. Kesho wote watakuya mapema zaidi. Hata miye.”

Mchana huo huo nyumba ilijaa. Walileta kuku, walileta kreti za bia, walimkumbatia papa, na kila mmoja alikuwa na neno baya la kusema juu ya Papa wa Ngezi, ambaye juzi walikuwa wakikaa naye mstari mmoja. Halafu, jioni, akaja Papa wa Ngezi mwenyewe.

Alikuja kwa pikipiki, kwa sababu gari la kazi lilikuwa limekwisha kuchukuliwa. Alikuwa na kuku mkononi. Watu walimpisha kama mtu mwenye ugonjwa. Alimpa papa mkono wa hongera, na papa akampeleka pembeni, karibu na mlango wa jikoni ambapo mimi nilikuwa nikiosha vikombe.

“Miye sina kinyongo,” Papa wa Ngezi akasema. “Hata nilifurahi, ndugu yangu. Nilisema, sasa mutoto atarudi. Si yeye mwenyewe alisema vile? Nimechoka, basi anirudishie mutoto. Nilienda kuuliza tikiti.”

“Na?”

“Aliniambia mutoto iko kwake, hajamaliza shule, nisimusumbue. Nikauliza atamaliza wakati gani. Akasema, itategemea nitaongea namna gani na batu sasa kwa vile niko nje.” Alishika mkono wa papa, yule kuku akining’inia kati yao, miguu juu. “Weye uko na kiti ya mbao. Umuombee. Neno moja tu.”

Nilisubiri. Nilijua papa atasema ndiyo. Walisoma pamoja, walikimbia vita pamoja, mtoto wake na mimi tulibatizwa siku moja.

“Nitaona,” papa akasema.

“Direkta.”

“Nitaona, nimesema. Si leo. Weye unamujua.”

“Aliniambia ni weye ulisema nimechoka,” Papa wa Ngezi akasema taratibu. “Sikuamini.”

“Na miye aliniambia ni weye.”

Wakaangaliana. Nilidhani watacheka, maana uongo ulikuwa umelala wazi pale katikati yao na mtu angeweza kuuokota. Lakini hakuna aliyecheka. Hawakujua tena, naona hivyo. Hata baada ya kuuona, kila mmoja alibaki na kipande kidogo cha kuamini. Papa wa Ngezi akamkabidhi mama kuku, akaondoka.

Ni hapo nilipotetemeka kweli. Si kwa Mkubwa. Mkubwa nilikuwa nimekwisha kumwona nyuma ya kioo chake. Nilitetemeka kwa papa. Nilijiona Kinshasa, kwenye chumba cha watoto wengi, na papa amesimama hapa Bunia mbele ya mlango wa mwenzake na kuku mkononi, na mwenzake anamwambia “nitaona.”

Wageni walipoondoka nilimwendea. Nilikuwa nimeshika kitambaa cha vyombo, nakisokota.

“Papa, siendi.”

Alidhani hakusikia vizuri, kwa sababu mimi si mtu wa kusema. “Hauendi wapi?”

“Kinshasa. Unipige, siendi.”

Hakunipiga. Alikaa chini kwenye kizingiti na suti yake mpya. “Mutoto,” akasema, “miye naweza kumuambia nini? Hakuna mutu amewahi kumuambia hapana. Sijui hata inasemwa namna gani.”

Koko alikuwa ndani akiomba. Akaongeza sauti.

Zilipita siku mbili tatu. Kisha Jumamosi papa alirudi kutoka kwa Mkubwa kabla jua halijawa kali. Nilikuwa uani nafua sare ya shule, mama anachambua mchele. Alikuja moja kwa moja hadi kwetu, akavua tai, akaishika mkononi.

“Imeisha,” akasema. “Hauendi.”

Mama akamshukuru Mungu. Mimi nikaanza kulia.

“Nimemuambia uko na mimba.”

Ungo wa mama ulianguka. Mchele ulimwagika kwenye maji yangu ya sabuni.

“Umesema nini?”

“Barazani. Mbele ya bote.”

“Mutoto wangu? Huyu? Huyu mwenye hata kusalimia kijana hajui?” Mama alikuwa amemshika papa shati, karibu na shingo. Sijawahi kumwona mama amemshika papa namna ile. “Uko na akili weye? Karitie nzima! Masista! Nani atamuoa?”

Papa hakujitoa. “Nikimuambia hapana, ni hapana yangu. Hapana yangu ataivunja. Nikimuambia mimba, ni aibu yangu. Aibu anaipokea. Alifurahi, mama watoto. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema, ‘Direkta, kumbe hata nyumba yako inakushinda.’ Wote walicheka. Ikaisha.”

Nilikuwa nimekaa chini kwenye tope. Niliweka mkono tumboni, sijui kwa nini, kama vile papa angeweza kuwa anajua kitu ambacho mimi sikijui.

Bunia si mji mkubwa kwa neno la namna hiyo. Jumatatu lilifika shuleni kabla yangu. Wasichana waliacha kuniomba kalamu. Wavulana wa pikipiki pale kwenye kona waliniita “mama mutoto.” Sista prefe, mkuu wa shule, alimwita mama. Mama akaapa kwamba sina kitu. Sista akauliza, na haki yake alikuwa nayo, “Sasa nimuamini nani? Mdomo wako ao wa bwana yako?” Mama hakuweza kusema kwamba bwana wake amemdanganya Mkubwa, neno hilo lingefika kule kabla ya chakula cha mchana. Sista akasema nibaki darasani, tungoje miezi ijibu.

Rafiki yangu alinipigia kutoka Kinshasa. Habari zilikuwa zimefika hata kule. Nilimwambia ukweli kwa sauti ndogo, mgongo ukutani. Nilitegemea atanihurumia.

“Uko na bahati,” akasema. “Papa yako alikutukana.”

Miezi ikajibu. Tumbo langu lilibaki tumbo langu. Basi watu wakahamia kwenye uvumi mwingine, ule wa kwamba niliitoa, na huo sitauandika hapa. Kwa Mkubwa hakuna kilichohama. Kila asubuhi, papa akikaa kwenye kiti chake chenye mto, Mkubwa anatokea mlangoni na kuuliza, “Direkta, mujukuu wetu iko muzima?” Na papa anajibu mbele ya wote, “Iko muzima, Mukubwa.” Mkubwa anajua kwamba hakuna mjukuu. Wote wanajua. Papa anajua kwamba anajua. Siku moja tu papa akijibu vingine atakuwa mtu aliyemdanganya Mkubwa, na kwa hilo hakuna kazi zingine. Kwa hiyo anajibu. Mama aliniambia haya, papa hawezi.

Wiki iliyopita gari la Mkubwa lilisimama mbele ya nyumba yetu. Shofere alishuka na beseni kubwa la pinki, ndani blanketi la mtoto, poda, soksi ndogo, nguo za kitoto zimekunjwa vizuri. Majirani walitoka. Mama alipokea kwa mikono miwili na kuinama.

“Mukubwa amesema nimuone mama mutoto kwa macho yangu,” shofere akasema. Alikuwa mzee kidogo, na aliona aibu. “Musinikasirikie.”

Papa alikuwa chumbani kwake, mimi saloni. Nilimwona kwa mlango uliofunguka nusu, amesimama kando ya kabati, ananiangalia na kutikisa kichwa polepole, sijui kunikataza nini: nisitoke, au nisiseme. Zamani ningejificha chumbani na Koko angetoka badala yangu. Nikatoka. Nilikuwa na sare ya shule, shati jeupe limeingizwa ndani ya sketi, mkanda umekaza. Nikasimama mbele ya shofere na mbele ya majirani wote, mikono nyuma, ili kila mtu aangalie anapotaka kuangalia.

Shofere aliangalia. Kisha akainamisha uso.

“Nitamuambia nini, mama?” akauliza. Aliniita mama bila kejeli.

Nikisema sina mimba, papa amekwisha. Nikisema aksanti, mimi nimekwisha.

“Umuambie umeniona,” nikasema.

Akapanda gari lake, akaondoka, na majirani wakabaki wananiangalia, hata wale wavulana wa pikipiki.

Nilipoingia ndani papa alikuwa bado amesimama. “Kesho ataniuliza,” akasema.

“Ndiyo, papa.”

“Shofere atakuwa amesema.”

“Ndiyo.”

Aliniangalia muda mrefu, kama mtu anayetafuta jina langu. Halafu akaniuliza kitu ambacho mzazi hamwulizi mtoto, na kilinishtua kuliko beseni, kuliko mimba, kuliko viti:

“Nitajibu nini?”

Koko alikuwa amekwisha kukaa sakafuni, anakunjua zile nguo za mtoto moja moja na kuziangalia kwenye mwanga, anasema zina kitambaa kizuri, na kwamba kwenye kambi ya wakimbizi wa Djugu kuna wazazi wanaofunika watoto kwa mifuko ya unga, na kama hakuna mwenye neno, yeye atazipeleka leo leo. Papa alimsaidia kuzifunga, mlango wazi, majirani wakiona.